Maswali ya Wasomaji: Matibabu ya Paka kwa Mfuko Mdogo

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne na riziki yangu ni kuuza vitumbua na mikate ya kumimina. Paka wetu amezaa mara mbili ndani ya mwaka huu, na sasa ana jeraha la mguu linalotoa usaha. Daktari niliyempelekea alinitajia bei iliyozidi mapato yangu ya wiki nzima, nikarudi naye nyumbani. Jirani ananishauri nimpe Panadol. Mwengine ananiambia ni kufuru kuomba sadaka kwa ajili ya mnyama huku watoto wana shida zao. Nifanye nini?
Msomaji, Mwanakwerekwe, Unguja

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Panadol usimpe hata kipande. Ini la paka haliwezi kuisafisha parasetamoli, na sumu yake huiharibu damu hata ikashindwa kubeba hewa, kwa hivyo kidonge kimoja tu kinatosha kumuua. Mfungie ndani, mwoshe jeraha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa yenye chumvi kidogo, lakini ujue kwamba usaha uliojikusanya chini ya ngozi hauondoki bila ya daktari kuutoa.

Ama hilo la kufuru, sikubaliani nalo. Waislamu wote tunaijua Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya chakula, na ile ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, ambapo Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa alijibu kuwa kila chenye uhai kina ujira. Anayekusaidia kumtibu paka wako, basi, anatoa sadaka iliyo sahihi. Zaka ni jambo jengine, kwa sababu ina watu wake wanane waliotajwa katika Kurani na paka si miongoni mwao. Ikiwa mfuko wa msikiti wa mtaani kwenu ni wa zaka, usiugongee mlango huo kwa jina la paka.

Rudi kwa daktari, au nenda ofisi ya mifugo ya wilaya yako, au kwa jumuiya za kutetea wanyama zilizopo Unguja, na useme kabla hajaguswa mnyama: nina kiasi hiki tu, na kilichobaki naweza kulipa kidogo kidogo. Watu wengi huona haya, wakanyamaza mpaka hesabu inapoletwa, na hapo daktari hana tena nafasi ya kuchagua dawa ya bei nafuu au kuacha kipimo kisicho cha lazima. Ukiombwa mchango mdogo mahali pa hisani, usichukie, kwani dawa hizo nazo hununuliwa. Utaratibu wa kuwatibia wanyama wa masikini si mgeni duniani: Maria Dickin alifungua zahanati ya aina hiyo mwaka 1917 katika mtaa wa Whitechapel, London, na shirika lililotokana nayo, PDSA, linaendelea hadi leo. Mimi binafsi naona mwenye uwezo akijipanga kwenye foleni ya bure anamnyang'anya mwenzake, na hilo nalisema kwa sababu hata hapa kwetu hutokea.

Jeraha likipona na watoto wa paka wakiacha kunyonya, mfungishe uzazi. Mimba ya paka ni kama wiki tisa tu, naye huweza kushika nyengine hali ya kuwa ananyonyesha, kwa hivyo upasuaji mmoja ni rahisi kuliko kulisha na kutibu vizazi visivyokwisha. Zungumza na majirani wenye paka, mwende pamoja kwa sheha, mumwombe daktari aje siku moja awashughulikie wote. Nauli yake na matayarisho yake mtagawana, na bei kwa kila nyumba itashuka.

SWALI: Nina mbwa wa kulinda shamba la karafuu na naona haya kumpeleka kwa daktari mbele za watu. Je, ni lazima achanjwe?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Ni lazima, ndugu yangu, na haya haina nafasi hapa, kwani mbwa wa ulinzi ameruhusiwa. Kichaa cha mbwa kiliwahi kuondoshwa Pemba kwa kampeni za chanjo, kisha kikarudi, na shida yake ni kwamba dalili zikishadhihiri kwa mtu au mnyama hazina tiba. Ili kukizuia inatakiwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe wamechanjwa. Muulize sheha wako tarehe ya kampeni, na kama aibu ya njiani ndiyo inayokuzuia, mwombe bwana mifugo aje shambani. Mbwa akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.