Shoo ya vichekesho, waandishi na bendi kwa pamoja, Tabora italipa?

Mdau aliyeuliza kama watu wa Tabora watatoa kiingilio kuona wachekeshaji, waandishi wanaosoma kazi zao na bendi laivu jukwaa moja, mimi nasema watatoa ila usikosee mpangilio. Juzijuzi nilikaa kwenye shoo moja ya hivyo hapa hapa mjini, mwandishi akapewa maiki baada ya bendi, aisee kasoma karibu nusu saa na watu wameshachangamka wanataka kucheza, nusu ya viti vikabaki vitupu, jamaa wa watu anajisomea tu. Muanze na mchekeshaji, halafu mwandishi dakika saba zisizidi tena asome kipande chenye mazungumzo siyo maelezo ya mawingu, arudi mchekeshaji, bendi ifunge. Na vyombo wajaribu mchana jamani, siyo watu wameshakaa ndo mnaanza "heloo heloo moja mbili".

Vichekesho mkitaka rahisi leteni Mzaramo mmoja awachokoze Wanyamwezi, utani wao huo ni wa tangu enzi za misafara ya pwani na hakuna atakayenuna (labda shemeji yangu).

Muziki msihangaike kutafuta mbali, huu mji ndo ulitoa bendi za zamani kama Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz ya kina mwanamuziki Shem Karenga, ingawa yeye alianzia Kigoma kwenye Lake Tanganyika Jazz. Mkipiga zile za zamani wazee wa kata ya Ng'ambo hapa mjini watakuja wenyewe, tena na wake zao.