Unasoma chati yote? Bado katanuliwe mboni

Mwenye kisukari anasoma chati ya herufi ya kupimia macho mpaka mstari wa 6/6, yaani uoni wa kawaida, anaambiwa macho yako safi, anarudi zake Ujiji roho kwatu. Wengi hupotelea hapo. Chati hupima kitovu cha retina tu (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), kile kidoa cha kusomea. Pembeni mishipa midogo inaweza kuwa inavuja, au imeota mingine dhaifu, na mtu bado anatunga uzi kwenye sindano bila shida.

Kwa hiyo kisukari cha ukubwani kikigundulika tu, macho yachunguzwe, kisha kila mwaka. Mjamzito mwenye kisukari aende mapema, miezi mitatu ya mwanzo. Kuchunguzwa maana yake ni kutiwa matone ya kutanua mboni, kungoja kama nusu saa, ndipo nyuma ya jicho huangaliwa. Utaona ukungu kwa saa kadhaa na jua litakuumiza, kwa hiyo chukua kofia, na pikipiki aendeshe mwingine.

Chati nayo hukosewa sana. Iliyotengenezwa kwa mita 6 ikitundikwa kwenye chumba cha mita 3, anayesoma mstari wa 6/12 kwa kweli ana 6/24, yaani uoni mbaya zaidi. Jicho lifunikwe kwa kiganja bila kulikandamiza. Vidole vina mianya, na watu huchungulia. Jicho la pili lipewe herufi kwa mpangilio mwingine, maana za kwanza zimeshakaririwa. Asiyesoma atumie chati ya E, aonyeshe kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Kisha apimwe akitazama kupitia tundu dogo. Akiona vizuri zaidi, huenda miwani itasaidia. Asipopata nafuu, shaka iende kwenye retina au mtoto wa jicho.

Usikimbilie miwani sukari ikiwa inapanda na kushuka. Lenzi ya jicho hubadilika nayo, na miwani ya wiki hii haitakufaa mwezi ujao. Sukari itulie kwanza wiki 4 hadi 6.

Kati ya tiba za retina, leza (mwanga mkali wa kuchoma) ndiyo hulalamikiwa zaidi: “Nilienda naona, nimerudi giza la usiku limezidi.” Ni kweli hutokea. Leza ya pembeni huchoma retina kwa vidoa vingi, mara nyingi zaidi ya 1,000 kwa jicho, ili mishipa mibovu inywee. Uoni wa pembeni na wa usiku hupungua kidogo ili kitovu kiokolewe. Uoni uliokwisha kupotea, leza haiurudishi.

Kitovu kikivimba, dawa ni sindano ya ndani ya jicho, kama bevacizumab, tone dogo la mililita 0.05. Huanza kila mwezi, na moja pekee haitoshi. Anayetoka Tabora kwenda Mwanza apige hesabu ya nauli za safari kadhaa kabla ya kuanza, maana akikatisha, uvimbe hurudi. Kabla ya kupanda basi, uliza hospitali ya Kitete (Tabora) au Maweni (Kigoma) huduma gani ipo na rufaa itakupeleka wapi. Siku chache baada ya sindano, jicho likiuma, likiwa jekundu na uoni ukishuka, huo ni wekundu wa hatari: rudi siku hiyohiyo.

Asali ya Tabora ni nzuri, ila isitiwe jichoni. Ugonjwa uko nyuma kabisa, haiufikii. Na ukiila inapandisha sukari kama sukari nyingine.

Kwenye kadi iandikwe tarehe, namba ya kila jicho, na kama ulivaa miwani. Tofauti ya mstari mmoja inaweza kuwa uchovu au mwanga hafifu. Miwili, mwulize daktari. Nyumbani, kila wiki funika jicho moja, utazame fremu ya mlango, kisha ubadilishe. (Usitumie bati, lenyewe limejikunja.) Fremu ikionekana imepinda, au vidoa vingi kama nzi weusi vikielea ghafla machoni, usingoje tarehe ya kliniki.