Umm Ali na ukoko wa maziwa

Swali lenu la wiki linauliza ni chakula gani cha ugenini ambacho msomaji alitengana nacho miaka mingi, na kilipomrudia kikamrudia pamoja na watu wake. Jibu langu ni Umm Ali, kitamutamu cha Misri nilichokila mara ya kwanza mjini Cairo mwanzoni mwa mwaka 1995, nikiwa mwanafunzi wa Al-Azhar niliyetoka Unguja na sweta moja tu sandukuni.

Kwa asiyekijua, vipande vya mkate mkavu, mwembamba kama manda za sambusa, hupangwa katika bakuli la udongo, vikamiminiwa maziwa ya moto yenye sukari, vikatiwa zabibu kavu, lozi na nazi, kisha hutandazwa malai, yaani mafuta mazito ya maziwa, juu na bakuli likaingizwa jokoni mpaka uso wake ukapiga wekundu. Wamisri wana hadithi ya asili yake. Husimulia kwamba Shajar al-Durr, mwanamke aliyeitawala Misri mwaka 1250, alipouawa mwaka 1257 baada ya kifo cha mumewe Aybak, mke mwenziwe, mama wa Ali aliyerithi usultani, aliamuru kitamutamu hiki kipikwe na kugawiwa watu kwa furaha. Sijapata kuipenda hadithi hiyo, kwa sababu sioni chembe ya kisasi katika bakuli lile. Mimi naona ndani yake mkono wa mama wa nyumba asiyekubali mkate wa jana utupwe, na hasa katika nchi ambayo watu wake huuita mkate «aish», yaani uhai.

Usiku wa Januari mjini Cairo joto hushuka hadi nyuzi 9 au 10, na kwa mtoto wa pwani hiyo ni baridi ya kuumiza mifupa. Mwenzangu wa chumbani, kijana wa Ngazidja, kisiwa cha Komoro, aliyenitangulia kwa mwaka mmoja, ndiye aliyenipeleka kwenye duka la maziwa karibu na msikiti wa Husein. Fedha zetu zilitosha bakuli moja, nasi tukaomba vijiko viwili. Nililikumbatia bakuli kwa viganja vyote kabla ya kula, na mvuke uliponifika puani nilimwona bibi yangu waziwazi, ameinama juu ya seredani, anachemsha maziwa yenye iliki ili aturowekee boflo iliyolala, kisha anakwangua ukoko wa maziwa chini ya sufuria na kunitilia mkononi mimi peke yangu. Nilikuwa ugenini kabisa, na chakula cha ugenini kikanirudisha jikoni kwetu.

Tangu siku hiyo tulikwenda kila tulipopata kitu mfukoni, na kila mara tuligawana ukoko wa juu kwa ncha ya kijiko, nusu kwa nusu, kwa haki kamili. Kisha ikaja barua iliyokaa njiani wiki tatu, ikinijulisha kwamba bibi amefariki na kwamba hitima imekwisha kusomwa. Usiku ule mwenzangu alinichukua dukani bila ya kusema neno, akanisogezea ukoko wote, akala mkate wa chini.

Nilirudi nyumbani mwaka 1999, na kwa zaidi ya miaka 20 sikuonja tena Umm Ali. Ramadhani iliyopita mke wa mpwa wangu, aliyelelewa Muscat, ambako kitamutamu hiki kimeenea kama kilivyoenea kote Ghuba, alikuja kufuturu kwetu na sinia iliyofunikwa. «Mjomba, sikupata mkate wake hapa, nimetumia manda,» alisema kwa kuomba radhi. Nilimwambia, «Mwanangu, umefanya vyema,» na nilikuwa nasema kweli, kwani ladha ilikuwa ile ile. Kilichokosekana ni ukoko, maana oveni yake haikuuchoma uso wa juu. Mke wangu alipoona nimesita, aliipunguza ile ya sinia katika sufuria ndogo, akaifunika na kupalia makaa juu ya kifuniko, kama tunavyopika mkate wa kumimina, na baada ya dakika chache harufu ya malai yanayoungua ilijaa ukumbini.

Safari hii sikumwona bibi, bali niliona kichochoro cha Husein, kioo cha duka kilichojaa ukungu wa mvuke, na koti la mwenzangu ambalo tulikuwa tukivaa kwa zamu. Tulipotezana baada ya masomo, na barua zangu mbili za mwisho hazikujibiwa. Niliukata ukoko katikati kwa ncha ya kijiko, nikala nusu yangu polepole. Mjukuu wangu aliitazama nusu iliyobaki mpaka ikapoa, akaniuliza ni ya nani, nami nikamwambia ni ya mtu wa Ngazidja.