Re: Zuhura ilichomoka kweli kwenye Mshtarii?

Salaam mkuu. Umekwama kwenye dai la mwandishi Velikovsky (1950) kwamba Zuhura ilitoka Mshtarii ikapita karibu na dunia yapata 1500 KK. Hata mimi lilinishika. Hekaya za kale anazozitegemea ziweke kando kwanza, anza na kibao cha udongo cha Ammisaduqa, mfalme wa Babeli wa karne ya 17 KK kwa hesabu inayotumika zaidi. Kinaorodhesha kuonekana na kupotea kwa Zuhura kwa miaka 21. Kikabari (maandishi ya kale ya Babeli) sikisomi, nilitegemea tafsiri, na wanakili walikosea hapa na pale. Lakini hesabu mwenyewe: mizunguko 5 ya kuonekana na kupotea ndani ya miaka 8 kasoro siku chache, kama leo, yaani Zuhura ilikuwa kwenye njia hiyohiyo kabla ya 1500 KK. Watetezi wa Velikovsky husogeza tarehe za wafalme, wabane hapo.