Maswali na majibu: unyevu, baridi na hewa ndani ya nyumba

Naingiza jiko la mkaa chumbani usiku. Nikitenga sufuria ya maji juu yake, maji si yanafyonza sumu? (Makete)

Hapana, na swali hili linarudi kila Juni. Sumu ya mkaa ni kaboni monoksidi: haina rangi, haina harufu, na haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kukuokoa. Hiyo sufuria inakuongezea mvuke tu. Watu wanauamini mkaa uliokwisha moshi na kuwa mwekundu, kumbe unaendelea kutoa gesi hiyo mpaka ugeuke majivu. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi. Jiko lisivuke kizingiti cha chumba cha kulala hata kama yamebaki makaa matatu. Mkijikuta wengi ndani ya nyumba mnaumwa kichwa, mna kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, kisha nendeni hospitali na mseme wazi kwamba kulikuwa na jiko. Mjamzito na mtoto wa tumboni ndio huumia zaidi.

Asubuhi vioo vya madirisha vinatiririka maji. Nikifungua, ukungu wa nje hauingii? (Mafinga)

Fungua. Hewa ya nyuzi 8, hata ikiwa imejaa ukungu, inabeba takriban gramu 8 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikishaingia na kupata joto la nyuzi 18, ambapo hewa huweza kubeba gramu 15, unyevu wake unashuka hadi asilimia 50 na kitu. Hapo ndipo tunapotaka, kati ya 40 na 60. Maji yaliyo kwenye kioo hayakutoka nje. Watu wawili wakilala saa nane wanatoa nusu lita au zaidi kwa pumzi na jasho. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua inazalisha lita moja na nusu hivi ya maji. Ongeza nguo zilizoanikwa sebuleni kwa sababu jua halikutoka.

Fungua madirisha mawili yanayotazamana, dakika 10 hadi 15, mara tu mnapoamka na tena baada ya kupika. Muda huo kuta hazipoi, inabadilika hewa tu. Dirisha moja lililoachwa upenyo mdogo siku nzima linapoza ukuta wa pembeni na halitoi unyevu wa maana. Vioo vifute kwa kitambaa, ukikamulie nje.

Wa Tukuyu wakati wa masika msifuate hesabu hii kichwakichwa. Nje kukiwa nyuzi 16 na mvua, ndani 19, hewa inayoingia bado ina unyevu unaozidi asilimia 80. Ngojeni mvua ikatike, fungueni mchana.

Na mafundi mnaoweka madirisha ya alminiamu huku mkiziba matundu ya hewa juu ya dirisha: hayo matundu hayakuwekwa kwa urembo. Mteja akisema yanaleta baridi, mwekeeni wavu, msiyazibe.

Nyuma ya kabati ukuta umekuwa mweusi. Fundi anasema ni maji ya ardhini, anataka kubandua plasta yote. (Uyole)

Usimlipe bado. Kausha sehemu moja ya ukuta, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, uzibe kingo zote nne kwa selotepu. Kitazame baada ya siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni hewa yenu inayopoa ukutani, na plasta mpya itakuwa nyeusi vilevile. Matone yakiwa nyuma, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta: angalia msingi usiowekewa nailoni ya kuzuia maji ya ardhini, mfereji wa maji ya mvua, au udongo uliorundikwa nje ukapita usawa wa sakafu. Alama ikianza chini ikakoma kama mita moja kwenda juu, fundi ana hoja.

Kwa vyovyote, sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani. Fangasi usizipige brashi kavu, zinasambaa hewani. Funika pua na mdomo, sugua kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha paka jiki, sehemu moja kwa maji kumi, iache dakika 15, futa, kausha. Usichanganye jiki na dawa ya choo hata tone: inatoa klorini, nayo inaunguza mapafu.

Nipake rangi ya mafuta juu ya fangasi? (Mbalizi)

Hapana. Ndani ya miezi michache itabanduka.

Hita ya umeme inakausha chumba? (Njombe)

Inapunguza asilimia ya unyevu, maji yenyewe yanabaki palepale hewani. Ukiizima usiku yanarudi kwenye ukuta wa baridi. Washa, kisha fungua dirisha dakika chache, ndipo ufunge. Hita ya wati 2,000 inakula uniti 2 za Luku kwa saa, kwa hiyo ichomeke moja kwa moja ukutani. Ekstensheni za waya mwembamba zinaungua.

Kipima unyevu changu kinasoma 38, cha jirani 60. Kipi kinadanganya? (Kihesa, Iringa)

Vipimeni vyote kwa chumvi ya mezani. Jaza kifuniko cha chupa, dondoshea maji mpaka iloane kama uji mzito bila kuyeyuka. Kiweke na vipima ndani ya mfuko usiopitisha hewa, ufunge, uuache usiku kucha mahali pasipobadilika joto. Kipima kizima kitasoma 75. Kikisoma 68, jumlisha 7 kila unaposoma.

Mvua haijanyesha, lakini alfajiri bati linadondosha maji kitandani. (Tukuyu)

Usiku wa anga jeupe bati linapoa kuliko hewa, na mvuke wenu unageuka matone chini yake. Weka dari, na uache matundu ya hewa chini ya paa pande zote mbili. Dari bila matundu itaoza kutokea juu, hasa ya jipsamu, na hutaona mpaka ianze kubonyea.