Kabla ya Kufuata Mshahara Mkubwa, Anza na Kodi ya Nyumba

Ukitaka kujua watu wanalala nje wapi, ramani ya umaskini haitakusaidia sana. Tafuta ramani ya kodi za nyumba. Huko Marekani, mji wa Detroit ni maskini kuliko San Francisco na Seattle kwa mbali, lakini ukilinganisha na idadi ya wakazi, ni katika hiyo miji miwili tajiri ndiko wasio na makazi walikojaa. Jimbo la West Virginia limeongoza Marekani kwa miaka mingi kwa vifo vya dawa za kulevya, hata hivyo wanaolala nje huko ni wachache, kwa sababu nyumba ni za bei nafuu. California, yenye mishahara minono ya kampuni za kompyuta, ina kama asilimia 12 ya Wamarekani wote. Katika hesabu ya Januari 2024 ilikutwa na takriban asilimia 24 ya wasio na makazi, yaani watu wapatao 187,000 kati ya 771,000.

Kinachotokea ni hiki. Eneo moja likikua haraka kuliko mengine, ajira huja kwa miezi, nyumba huja kwa miaka. Kiwanja, kibali, maji, majitaka, barabara, kisha ndiyo tofali la kwanza. Mwanauchumi Enrico Moretti alikadiria kwamba kila ajira moja ya teknolojia ya juu huzaa nyingine kama tano katika mji huohuo: mwalimu, muuguzi, dereva, kinyozi, mfagiaji. Wote sita wanahitaji pa kulala, na mwenye nyumba humpa funguo anayeweza kulipa zaidi. Mshahara wa mfagiaji umepanda kidogo, lakini kodi anayodaiwa imepanda kwa kumfuata mhandisi. Zamani mfagiaji na mwanasheria wote wawili walifaidika kwa kuhamia mji tajiri. Siku hizi, ukishatoa kodi, mara nyingi mwanasheria bado anafaidika na mfagiaji anapata hasara.

Kwa hiyo kabla ya kuhama, usilinganishe mishahara. Linganisha kinachobaki. Tuseme unapolipwa sasa unapata 100 mkononi baada ya makato, kodi ni 25 na nauli 5: unabaki na 70. Mji unaokua unakuahidi 140. Kodi ya chumba cha hali ileile ni 56, nauli 14. Unabaki na 70 ileile, na hapo hujalipia chakula, maji wala kumlea mtoto kwa bei za mji huo. Nyongeza ya asilimia 40 imeyeyuka yote. Kodi uiulize kwa wapangaji walioingia ndani ya miezi mitatu iliyopita. Aliyeingia miaka sita nyuma analipa bei ya zamani, na takwimu za wastani zinamhesabu yeye pia, ndiyo maana huonekana za kupendeza kuliko utakachokutana nacho mlangoni.

Wengi hawaangushwi na kodi ya kila mwezi, wanaangushwa na mwezi wa kwanza. Ukidaiwa kodi ya mwezi mmoja na amana ya miezi miwili, hiyo ni 168, zaidi ya mshahara mzima wa huko. Ongeza nauli na matumizi ya siku 30 hadi mshahara wa kwanza utoke, tuseme 84. Jumla 252. Kwa anayeweka akiba 15 kila mwezi kutoka kwenye 100 yake, hiyo ni kazi ya miezi 17. Anayeondoka na akiba ya miezi mitano hufikia kwa ndugu kwa wiki mbili, wiki zinakuwa miezi, ndugu anachoka. Njia hiyo ndiyo huzalisha watu wasio na makazi walio kazini, wanaooga kituo cha mabasi na kuingia zamu saa moja asubuhi.

Siku ya kuingia, piga picha za kuta, vioo, mabomba na namba zilizo kwenye mita ya umeme na ya maji. Mtumie mwenye nyumba picha hizo siku hiyohiyo, ili tarehe ibaki kwenye ujumbe. Katika mji wenye foleni ya wapangaji, amana hairudi kirahisi, na amana ndiyo mtaji wako wa kuhamia nyumba inayofuata.

Kuna miji ya aina ya pekee: inayokua kwa kitu kimoja tu. Williston, huko North Dakota, ilifurika wachimba mafuta hadi watu wenye mishahara mikubwa wakalala kwenye magari, na mwaka 2014 kodi za vyumba vyake zilitajwa kuwa juu kuliko za New York. Bei ya mafuta ikaporomoka mwishoni mwa mwaka huohuo, kodi zikafuata. Mahali kama hapo usinunue nyumba kwa mkopo wakati watu bado wanapigania vitanda. Panga chumba kwa muda mfupi, na mkataba uwe na kifungu cha kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja kazi ikikatika.

Aliyekwisha kuishi kwenye mji unaopaa ana hesabu nyingine. Gawanya kodi kwa mshahara wa mkononi kila mkataba unapoanza upya, uandike asilimia. Tukiendelea na mfano wetu, kodi ya 56 kwenye mshahara wa 140 ni asilimia 40. Kodi ikipanda asilimia 10 kwa mwaka na mshahara asilimia 4, baada ya miaka mitatu unalipa karibu 75 kutoka kwenye 157 au 158: asilimia 47. Hakuna mwezi ulioonekana wa hatari, lakini umekaribia nusu. Utafiti wa 2018 wa Zillow, kampuni ya Marekani ya matangazo ya nyumba mtandaoni, uliona kwamba kodi ya eneo zima ikivuka asilimia 32 ya kipato, ukosefu wa makazi huanza kuongezeka kwa kasi zaidi. Nayo ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, iliripoti mwaka 2020 kwamba kodi ya kati (ile ambayo nusu ya wapangaji hulipa zaidi yake na nusu hulipa pungufu) ikipanda kwa dola 100, kiwango cha ukosefu wa makazi huambatana nayo kwa kupanda kama asilimia 9. Tabia za watu haziwezi kubadilika kiasi hicho kwa dola 100.

Dawa ya kwanza anayoifikiria kila mtu ni kuhamia pembezoni. Ipime vizuri. Kodi imeshuka kutoka 56 hadi 40, nauli imepanda kutoka 14 hadi 28: umeokoa 2, ukalipa kwa saa mbili za barabarani kila siku na hatari ya kuchelewa zamu. Kuhama huko hulipa ikiwa una kazi ya kudumu karibu na njia ya treni au basi la uhakika. Kwa kibarua wa siku, mara nyingi chumba cha kushirikiana karibu na kazi ni bora, ilimradi majina yenu wote yawe kwenye mkataba. Jina lako lisipokuwepo, mwenzako akiondoka nawe umeondoka.

Mwezi ukikugomea, nenda kwa mwenye nyumba kabla ya tarehe ya malipo, si baada. Lipa ulichonacho, hata kama ni theluthi, ukadai risiti yenye tarehe, mwezi unaolipiwa, kiasi na salio. Kisha andikeni mpango wa kulipa malimbikizo kwa vipande vidogo juu ya kodi ya kawaida. Kosa la kawaida ni kuahidi kulipa yote mwisho wa mwezi ili kumtuliza. Ahadi hiyo ikivunjika, uaminifu umekwisha na notisi inafuata. Kosa kubwa zaidi ni kukopa mkopo wa haraka wa riba kali. Deni la mwezi mmoja linageuka la mitatu, na mkopeshaji hana nyumba ya kukupa. Madeni ya samani na simu yasubiri, kodi itangulie.

Ukiona hutafika, omba msaada wa malimbikizo kwa halmashauri, shirika la dini au chama cha wafanyakazi wakati bado una funguo mkononi. Deni la miezi miwili ni dogo kuliko gharama ya kumrudisha mtu aliyekwisha kutolewa, kwa sababu huyo atahitaji amana upya, na mwenye nyumba mpya atauliza kwa nini aliondoka kule. Ufini imekuwa ikiwapa watu nyumba ya kudumu kwanza, matatizo mengine yakifuata, kwa mpango wa kitaifa ulioanza 2008. Wasio na makazi waliokuwa zaidi ya 18,000 mwaka 1987 walikuwa chini ya 4,000 mwaka 2022. Ila huko nyumba zenyewe zilijengwa na kununuliwa. Orodha ya majina bila vyumba haimlazi mtu.

Na nakala za kitambulisho, mkataba, risiti na hati za mshahara zisikae chumbani peke yake. Zipige picha, uzitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, seti nyingine aitunze mtu unayemwamini. Kufuli likibadilishwa usiku, karatasi zilizobaki ndani ndizo utakazoulizwa asubuhi.