Kwa mnaoanza na majina ya mahali ya pwani ya Massachusetts

Wadogo zangu, nimemaliza kusahihisha kazi zenu na nimekuta makosa yaleyale ya waliowatangulia. Nawapenda, lakini someni haya kabla hamjagusa ramani tena.

1. Anzeni na kiambishi tamati. Sisi tuna -ni ya Kisiwani na Mjini. Kimassachusett, lugha ya wenyeji wa asili wa pwani hii, kina -et, -it na -ut. Massachusetts ni penye kilima kikubwa, yaani Blue Hills, kusini mwa Boston.

2. Jueni jina ni la lugha ipi. Mwaka 1643 Roger Williams, mkoloni Mwingereza aliyejifunza lugha za wenyeji, aliandika kwamba mbwa ni anùm kwa Wacowweset, ayím kwa Wanarragansett, arúm kwa Waquinnipiac na alúm kwa Wanipmuc, watu waliotengana maili 30 au 40 tu. N, y, r, l: sauti moja ya kale ya Kialgonkini, familia ya lugha hizi zote, kila jamii ikaigeuza kivyake. Halafu mtu anabeba kamusi ya Kimassachusett ya Trumbull ya 1903, iliyochumwa hasa kwenye Biblia ya 1663 ambayo mmisionari Eliot aliitafsiri kwa lugha hiyo, lugha ya n, anaipeleka mpaka Connecticut, na asipoiona n anadai karani wa kikoloni alikosea. Karani alisikia vizuri!

3. Tafsiri tamu ishukuni. Hapa niseme la kwangu, maana linaniuma hadi leo. Pale Webster, bara kidogo, kwenye nchi ya Wanipmuc, kuna ziwa lenye jina refu la kutisha, linaloanza Chargoggagogg. Nikaandika kwenye makala ya semina kwamba maana yake ni “wewe vua upande wako, mimi nivue upande wangu, katikati asivue mtu”. Nikajenga hoja nzima juu yake, kuhusu mikataba ya uvuvi. Mwanasemina mwenzangu, Mnipmuc, akauliza chanzo. Sikuwa nacho. Maneno yale aliyatunga Laurence Daly, mhariri wa gazeti la mji huo, miaka ya 1920, kuwachekesha wasomaji. Jina la zamani ni Chaubunagungamaug, na -amaug ya mwisho ni mahali pa kuvulia samaki. Ningelipasua mofimu kwa mofimu, kipande kwa kipande chenye maana, ningeona kwamba hamna “wewe” wala “mimi” humo. Lugha ya wazee wake ilikuwa imefanywa mzaha, nami nikausoma mzaha ule mbele yake kama elimu. Nilimwomba radhi, kisha nikaifuta makala nzima.

4. Chukueni umbo la kwanza kuandikwa, si la kibao cha barabarani.

5. Wenye lugha wapo. Tangu 1993 Wawampanoag, kwa kazi iliyoanzishwa na mwenzao Jessie Little Doe Baird, wanairudisha lugha yao, ambayo ndiyo hiyohiyo Kimassachusett, midomoni kwa kutumia Biblia ileile pamoja na hati za ardhi ambazo mababu zao waliziandika wenyewe. Waandikieni kabla ya kuchapisha.

Kazi za marudio nazitaka na safu mbili zaidi: lugha, na mwaka wa umbo la kwanza. Isiyo na safu hizo nairudisha bila kuisoma.